Salamu Aliyoninyima

Kama kuna siku mbaya ya kumkasirikia mwanamume, ni asubuhi ya kwanza ya Mwezi Mweupe, sikukuu ya mwaka mpya. Siku hiyo ni mwiko kununa, ni mwiko kugombana, ni mwiko kulia, kwa sababu unavyouamkia mwaka ndivyo utakavyokwenda nao mpaka mwisho. Mimi niliuamkia na hasira. Ilikuwa hasira ya tangu jana yake, imelala nami na kuamka nami, na ilinibidi niivalishe joho la hariri, niifunge mshipi kiunoni na niitoe nje ikawachekee wageni.

Aliyenikasirisha alikuwa Tuvshin, mtoto wa kiume wa nyumba niliyokaa.

Nilikuwa nafundisha Kijapani katika shule ya sekondari ya Tsetserleg, mji mdogo ulioegemea mlima, na tangu nifike kutoka kwetu Tottori, Japani, nilikuwa naishi kwa Mama Dulam. Mwaka uliotangulia sikuwepo wakati wa sikukuu. Kaka yangu alikuwa anaoa, nikaenda nyumbani. Kwa hiyo huu ulikuwa Mwezi Mweupe wangu wa kwanza pamoja nao. Mama Dulam alikuwa mjane, muuguzi mstaafu, mwenye sauti ya kuamrisha na mkono wa kulisha. Mama mkwe wake, Bibi Khandaa, alikaa kwenye ger, hema la duara lililosimama uani kando ya nyumba ya magogo. Hakuwahi kuliweza jina langu, Chinatsu. Aliniita Chono, yaani mbwa mwitu, akasema ni jina zuri na atakayenicheka aje kwake.

Na Tuvshin, fundi wa umeme wa mkoa, alikuwa na uzuri wa kuudhi: mabega ya mtu anayepanda nguzo kila siku, macho membamba yaliyotulia, na kinywa kilichofungwa kama mlango wa ghala. Hakuwahi kuniambia neno moja la mapenzi. Alichofanya ni kuweka viatu vyangu vya sufi karibu na jiko kila asubuhi ya baridi ili nivikute na joto, kisha akaondoka kabla sijashukuru. Majani yalipoanza kupukutika mwaka ule tulikwenda msituni kuokota mbegu za misonobari. Tulipovuka kijito alinishika mkono. Kijito kikaisha, njia nayo ikaisha, na mkono hakuuachia mpaka tulipofika kwenye gari. Nikaenda kulala na mkono wangu ule chini ya shavu, na asubuhi nikamkuta anakunywa chai kama mtu ambaye hajawahi kuvuka kijito maishani mwake.

Sasa, siku moja kabla ya sikukuu tulikuwa tunafunga buuz, yale maandazi ya nyama yanayopikwa kwa mvuke. Katika nyumba ile zilifungwa kwa magunia, wiki nzima, mpaka nikaanza kuziota. Mama Dulam alikuwa ametoka kwenda kwa jirani, tukabaki mimi na Tuvshin mezani, unga mpaka viwikoni. Nikaona ndiyo nafasi.

“Mkataba wangu unaisha Juni,” nikamwambia. “Shule moja ya kwetu imeniita kazini. Wanataka jibu.”

“Haya,” akasema.

“Haya nini?”

Akabana buuz nyingine, akaizungushia kidole gumba kama anayefunga kitovu cha mtoto. “Haya, kama umeamua.”

“Sijaamua. Ndiyo maana nakwambia.”

Akainua macho. Alinitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nyama iliyokuwa kwenye kijiko changu ilidondoka mezani, nami sikuiokota. Kinywa chake kikafunguka kidogo. Kisha akasema kuni zimepungua, akatoka kwenda kupasua kuni, wakati kuni zilikuwa zimerundikana mpaka zimeziba dirisha.

Hiyo ndiyo hasira niliyoamka nayo.

Alfajiri wanaume walipanda kilimani kulipokea jua, na sisi tukachemsha chai ya maziwa. Mama Dulam akarusha angani upawa wa kwanza wa chai, sadaka kwa mbingu. Tuliporudi kukutana sote ndani ya ger, Bibi Khandaa alikuwa amekaa mahali pa heshima, joho la kahawia, nyuma yake mnara wa mikate na mgongo mzima wa kondoo na mkia wake wa mafuta. Shangazi Oyuna, dada wa marehemu baba yake Tuvshin, alikuwa amefika na joho la waridi lililowaka kuliko jiko. Akatukagua wote kwa furaha ya mtu ambaye hana maandazi ya kufunga.

Salamu zikaanza. Siku hiyo huwezi kumpungia mtu mkono ukadhani umemsalimia. Mdogo hunyoosha mikono miwili, viganja juu, akaishika mikono ya mkubwa kwa chini, viwiko kwa viwiko, akauliza kama mwenzake ameingia mwaka kwa amani; na mkubwa humnusa shavuni. Kila mtu kwa kila mtu, kwa kufuata umri. Mama Dulam alimsalimia Bibi, Shangazi akafuata, Tuvshin akafuata, kisha mimi, na Bibi alininusa kwa nguvu kama anayeonja mchuzi. Nikamsalimia Mama Dulam. Nikamsalimia Shangazi. Nikageuka.

Tuvshin alikuwa amesimama mbele yangu na joho la buluu la usiku, kola imemkaa shingoni vizuri hata nikamchukia kwa hilo pia. Yeye ni mkubwa wangu. Nikameza hasira yangu yote, nikanyoosha mikono na kitambaa cha hariri juu yake, kama nilivyofundishwa.

Hakunyoosha yake.

Alinitazama machoni. Sikuona hasira wala dharau. Niliona kitu kama mtu anayesimama juu ya nguzo akitazama chini, akipima. Kisha akainamisha kichwa kidogo, akanipita, akaenda kukaa mahali pake.

Nikabaki na mikono yangu hewani kama mtu anayesubiri kupakiwa kuni.

Mkono wa Mama Dulam ulisimama juu ya birika. Shangazi Oyuna alijifunika uso kwa mkono wa joho, akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Bibi Khandaa akafungua kichupa chake cha ugoro, akavuta taratibu, akakifunga.

“Chai inapoa,” akasema.

Tukanywa chai. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Nilijisemea kwamba huyu mwanamume, kwa sababu nilimwambia nina kazi kwetu, ameamua kuniaibisha mbele ya ukoo wake katika siku ambayo watu husalimiana hata na maadui. Na mimi, kwa kuwa ilikuwa Mwezi Mweupe, nilitakiwa nimsogezee sahani ya vipande vya maziwa yaliyokaushwa na kumuuliza kama alilala vizuri. Nikamsogezea. Nikamuuliza. Akasema alilala vizuri. Ningeweza kumrushia sahani.

Kisha ikaja zamu ya kutembelea wakubwa. Tulipanda gari lake wote isipokuwa Bibi, ambaye umri wake ulimpa haki ya kukaa na kufuatwa. Mama Dulam alikaa mbele, mgongo umenyooka. Katika nyumba ya kwanza Tuvshin aliwasalimia wazee, akawasalimia wake zao na watoto wao, wote wakanisalimia na mimi. Na ilipofika zamu yangu na yake, akanipita tena. Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Safari hii hata sikunyoosha mikono, maana mpumbavu ni yule anayeanguka shimo moja mara mbili.

Lakini watu walikuwa wanaona. Wazee walimtazama yeye, wakanitazama mimi, wakatazamana, na baada ya hapo nililishwa kwa fujo. Bibi mmoja alinishika kichwa akanipapasa nywele, akanipa zawadi ya soksi, akafikiri, akaniongezea na kitambaa cha kushonea joho. Mzee mwingine alinijazia kikombe na kuniombea mifugo mingi. Nikajua wananihurumia. Niliona hivi ndivyo wanavyomliwaza mgeni aliyedharauliwa hadharani, na kila buuz niliyopewa iliteremka kooni kama jiwe. Na huwezi kukataa. Ukikataa, unaulizwa kama unaumwa. Ukisema unaumwa, unapewa mchuzi.

Wengine walipokuwa wanavaa viatu nilimwahi Tuvshin kwenye gari. Nikamwambia kwa sauti ya chini, nikiwa nimetabasamu kwa ajili ya waliokuwa mlangoni, kwamba nataka kujua nimemkosea nini.

“Hujanikosea,” akasema.

“Basi nieleze.”

“Tutazungumza.”

“Lini?”

Akatazama mlima. “Sikukuu ikiisha.”

Watu wa pale hutembeleana mpaka mwezi ukaribie kwisha. Niliingia kwenye gari nikafunga mlango kwa upole wa kutisha.

Aliyenifumbua macho alikuwa Shangazi Oyuna, na mahali penyewe palikuwa njiani kuelekea chooni, katika nyumba ya tatu. Katika nyumba zile siku ile huwezi kupata pembe ya siri. Kila kiti kina mtu na kila mtu ana masikio. Choo kilikuwa mwisho wa ua, na baridi ilikuwa ya kukata masikio. Shangazi alinishika mkono tukatembea kwenye theluji, majoho tumeyakunja, akaniinamia kama msichana wa shule.

“Sasa niambie mimi, Chono. Sitamwambia mtu. Mlifunga lini?”

“Tulifunga nini?”

“Ndoa. Mliandikishana mjini, au ni ahadi tu?”

Nikasimama. Nikamwambia hakuna ndoa, hakuna ahadi, kuna mwanamume asiye na adabu aliyeninyima salamu tangu asubuhi. Shangazi naye akasimama. Alinitazama mdomo wazi, mvuke ukimtoka.

“Hujui,” akasema. “Maskini, huyu mtoto hajui. Chono, leo kila mtu anamsalimia kila mtu. Hata ndugu waliokosana kwa ajili ya farasi wanasalimiana. Watu ambao hawasalimiani ni mume na mke.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu hao ni mtu mmoja. Nani anajisalimia mwenyewe?”

Sitaficha: jambo la kwanza nililohisi lilikuwa tamu. Lilipanda kutoka miguuni, likapita kifuani, likafika usoni likawaka. Nilikumbuka macho yake asubuhi, yale ya mtu anayepima kabla ya kuruka. Nikamwona mbele yangu tena, na kola yake ile, na safari hii sikumchukia hata kidogo.

Utamu huo ulidumu mpaka mlango wa choo. Hapo ndipo akili ilipofika. Mwanamume huyu alikuwa amemwambia bibi yake, amemwambia mama yake, amewaambia wajomba, amewaambia majirani na mbwa wao, nyumba baada ya nyumba, kwamba mimi ni mke wake. Katika mkoa mzima wa Arkhangai mtu pekee aliyekuwa hajaambiwa ni mimi.

“Shangazi,” nikasema, “mwiko wa kugombana unaisha lini?”

“Usifanye hivyo, mwanangu. Mifugo itakufa.”

“Sina mifugo.”

“Yeye anayo,” akasema, na akacheka mpaka akashika ukuta wa choo.

Tuliporudi nyumbani mchana, nilitaka kumfuata Tuvshin moja kwa moja, lakini Mama Dulam aliniita kwenye kibaraza cha nyuma, kile kisicho na moto, ambacho wakati wa baridi ndicho friji yetu. Magunia ya buuz yalikuwa yamesimama pale yameganda kama kokoto. Alifunga mlango. Akaanza kuzihamishia kwenye sinia, moja moja, bila kunitazama.

Akaniuliza ni tangu lini. Nikamjibu kwamba mimi nimejua muda mfupi uliopita, chooni, kwa Shangazi. Alisimama na buuz mkononi. Niliona kicheko kinamjia kikapita nyuma ya macho yake bila kutoka.

“Hakukuuliza?”

“Hakuniuliza, Mama.”

“Baba yake alinichumbia kwa kunitengenezea redio,” akasema. “Alikuja, akatengeneza, akaenda. Akaja tena, akaiharibu kidogo, akatengeneza. Majira mazima ya kiangazi sikujua kama ile ni posa au ni redio.” Kisha sauti yake ikabadilika. “Lakini mimi nilikuwa wa hapa. Kama angechelewa, angenikuta palepale.”

Nikajua tulikuwa tunafika kwenye jambo lenyewe. Mama Dulam alikuwa na binti, Urna, mkubwa wa Tuvshin. Picha yake ilikuwa juu ya kabati, amevaa kofia ya kuhitimu.

“Urna alikwenda Korea kwa miaka miwili tu,” akasema. “Leo ni mwaka wa saba. Ana mume mzuri, ana watoto wawili, sijawashika. Asubuhi hii, ninyi mkiwa bado mnavaa, alinipigia simu tusalimiane. Aliweka mikono yake mbele ya simu, na mimi nikaweka ya kwangu. Unajua nilishika nini, Chinatsu? Nilishika meza.”

Nikamshikia sinia.

“Wewe si mtu mbaya. Ungekuwa mbaya ningekufukuza, ingekuwa rahisi. Nilikuchukua kama mtoto, nakupenda kama mtoto. Lakini mtoto wa kwangu huyu ndiye aliyebaki. Utamchukua. Hutaki kumchukua, lakini utamchukua, kwa sababu una mama, na mama yako ana haki ile ile niliyo nayo mimi. Siwezi hata kumkasirikia huyo mwanamke.” Akabwaga buuz kwenye sinia, zikalia kama mawe. “Ningependa sana kumkasirikia mtu.”

“Mimi pia, Mama,” nikasema.

Hapo tukatazamana, wanawake wawili wenye hasira katika siku isiyoruhusu hasira, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilitabasamu bila kujilazimisha. Nikamwambia kwamba sijaamua kwenda. Akasema mwanawe anadhani nimeamua.

“Nilimwambia ili aseme nisiende.”

“Tuvshin?” akasema, na akatikisa kichwa kwa huruma. Nadhani ilikuwa huruma kwangu.

Nilimkuta kwenye rundo la kuni. Bila shaka. Alikuwa amevua joho la sikukuu amelitundika kwenye uzio, anapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Nilisimama mahali ambapo hangeweza kunyanyua shoka bila kunigusa, akalazimika kuliweka chini.

“Nimeambiwa nimeolewa,” nikasema.

Akawa mwekundu mpaka masikioni. “Shangazi?”

“Si wewe, kwa hakika.”

Akakaa juu ya gogo. Nikangoja. Nilikuwa nimeamua kwamba hata nikiganda pale nikawa nguzo, safari hii sitamsaidia kwa neno. Kunguru akapita. Hatimaye akaongea huku anatazama viganja vyake.

“Sikupanga. Ulinyoosha mikono. Nikaona kwamba nikiweka yangu juu yake, nitakuwa nimekuombea heri kama ninavyomwombea mgeni yeyote, na utashukuru, na Juni itafika. Mikono haikwenda. Ningewezaje kuilazimisha iseme uongo siku kama ya leo?”

“Jana ulikuwa na kinywa. Ungekitumia.”

“Jana ulisema una kazi kwenu. Mama yako yuko kule.” Akanyanyua macho, na ndani yake niliona kitu ambacho kilikuwa kimekaa humo muda mrefu kikiningoja. “Chinatsu, mimi namwona mama yangu kila siku anavyokaa na ile simu. Ningekwambiaje umfanyie mama yako hivyo? Nilitaka kukwambia usiende. Nililibeba neno hilo usiku kucha. Kila nikilifungua naliona si langu kulisema.”

Ingekuwa riwaya ya mtu mwingine, hapo ningemwangukia kifuani. Na kifua nilikiona, kilikuwa karibu. Lakini nilikuwa nimelishwa mkia wa kondoo katika nyumba tatu kwa sababu yake, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba mtu anayemhurumia mama yangu angeniuliza kwanza mimi, mtoto wa mama huyo, ambaye ana kichwa na ana uwezo wa kupanga safari. Nilimwambia kwamba kunikinga dhidi ya maneno yake mwenyewe si heshima, ni kuniamulia. Akasikiliza yote. Akasema kweli. Akaanza kuokota vibanzi, na mimi nikaona hata shoka lingenielewa haraka zaidi.

Kabla sijaendelea, Shangazi Oyuna akatokea kwenye mlango wa ger akatuita. Bibi alitutaka.

Bibi Khandaa alikuwa palepale alipokuwa asubuhi, na Mama Dulam amesimama karibu na jiko. Bibi hakuzunguka. Alisema amekuwa kimya tangu alfajiri kwa sababu alidhani vijana watajieleza, na sasa jua limepita katikati na kinachoeleza ni midomo ya majirani.

“Njia ni mbili,” akasema. “Salimianeni sasa hivi, hapa, mbele yangu. Mkisalimiana, basi ya asubuhi yalikuwa upumbavu wa mvulana, tutawaambia watu kwamba mkono wake uliteguka, na Chono ni mgeni wetu kama alivyokuwa. Msiposalimiana, basi mmesema, na mimi sitaki kuulizwa tena na mtu yeyote.”

Tuvshin alisimama mikono imening'inia. Hakuinyoosha. Alinitazama tu, na nikaelewa kwamba safari hii ananiachia mimi, na kwamba nikinyoosha yangu atakuja kuiwekea ya kwake juu, atanitakia mwaka mwema, na ataniacha niende bila kulalamika mpaka kufa kwake. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ilinitia uchungu kiasi kwamba nilitamani kumtikisa.

Nilimfikiria mama yangu kwenye shamba lake la mapeasi, ambaye siku naondoka aliniambia nisirudi kwa sababu ya wajibu, maana watu wanaorudi kwa wajibu hukaa nyumbani wamenuna. Nilimfikiria Mama Dulam na meza yake. Nikaiweka mikono yangu nyuma ya mgongo.

“Bibi, sitamsalimia,” nikasema. “Lakini kuolewa bado sijakubali, kwa sababu hakuna aliyeniomba. Aniombe. Kwa maneno. Na yawe mengi.”

Bibi Khandaa alicheka mpaka mapengo yote yakaonekana. “Ana haki,” akamwambia mjukuu wake. “Sema.”

Tuvshin akafuta jasho, ndani ya hema ambalo moto wake ulikuwa karibu kuzimika. Alinigeukia mimi, si wao.

“Sijui kusema,” akaanza. “Nikiwa juu ya nguzo huwa nakwambia mengi. Nikishuka yanabaki kule.” Akavuta pumzi. “Nataka tukae pamoja. Juni nenda kamwone mama yako, na mimi nije nibebe mizigo, nimwombe yeye mwenyewe. Akinifukuza nitakaa nje ya lango mpaka anichoke. Akikubali, turudi. Na kila mavuno ya mapeasi tutakwenda kumsaidia, hata kama mkoa wote utakaa gizani. Nataka nikuone asubuhi. Nimezoea kukuona asubuhi. Siku zile ulizokwenda kwenye harusi ya kaka yako nilikuwa napasha viatu vyako moto kwa kujisahau, kisha naona aibu naviondoa. Nakupenda. Hilo ningelisema kwanza. Nimelianza vibaya.”

Shangazi Oyuna alikuwa analia waziwazi, mwiko au si mwiko.

“Umelianza vibaya sana,” nikamwambia. “Nakubali. Lakini nina hasira bado. Nitakuwa nayo mpaka kesho, pengine keshokutwa.”

“Sawa,” akasema, na akacheka, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akicheka kwa uso mzima. Alikuja akasimama kando yangu, bega kwa bega, bila kunigusa mbele ya wakubwa. Joto la mkono wake nililisikia kupitia majoho mawili.

Tulimtazama Mama Dulam. Alikuwa ametupa mgongo, anapanga kuni jikoni, kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

“Amesema turudi,” Bibi Khandaa akamwambia polepole. “Umesikia? Amesema turudi.”

“Nimesikia, Mama.” Akajipangusa uso kwa mkono wa joho. “Nitalia. Lakini nitalia siku nyingine, leo ni mwiko.”

Mbwa wakabweka langoni. Nje kulisikika sauti za watu wengi, theluji ikilia chini ya viatu, na jirani yetu wa ng'ambo ya barabara akaingia na mumewe na kundi la jamaa, majoho yamejaa baridi. Salamu zikaanza upya. Yule jirani, baada ya kuketi na kupokea kichupa cha ugoro, akatazama huku na huku akauliza kwa sauti tamu ya mtu aliyekwisha kusikia kila kitu kama ni kweli kwamba mgeni wetu, yule Mjapani, anaondoka.

“Hatuna mgeni,” Mama Dulam akasema. “Nina mkwe, na chai yake ya kwanza bado hajaiweka jikoni.”

Nikaenda jikoni haraka. Nilitia maji, nikatia majani, nikachochea moto ukanijibu kwa moshi. Mama Dulam akaja akasimama nyuma yangu, akaonja, akaongeza chumvi, akaonja tena, akaongeza maziwa, akasema sijakoroga vya kutosha, kisha akasema nakoroga sana. Nilifunga midomo kwa nguvu.

“Tutachoshana, mimi na wewe,” akaninong'oneza sikioni.

“Ndiyo, Mama.”

“Miaka mingi,” akasema, na akaniachia upawa.